Nakshi za Nguo Zetu: Neno kwa Wanaoziagiza

Katika nchi ya Mara, kuanzia Musoma penye ziwa hata Bunda na Butiama, sikukuu kubwa haipiti bila nguo yake. Parokia ikitimiza miaka 50 hutolewa kitenge. Kwaya ikisafiri hutolewa kitenge. Mtu mkubwa akikumbukwa hutolewa kanga. Na mtu aketiye kuchagua nakshi ya nguo hiyo, mara nyingi si mchoraji wala fundi cherehani. Ni padre, au mchungaji, au katekista, au mwalimu, pamoja na wazee wachache wa kamati. Kwa sababu hiyo maneno haya nawaandikia ninyi wasomaji wa kurasa hizi kuliko wenye viwanda. Mwenye kiwanda huchapa aliloagizwa. Kosa likiwapo, asili yake ni maagizo.

Neno langu ni moja, nami nitalieleza kwa mifano. Nakshi ya nguo haihukumiwi ikiwa imelala juu ya meza ya kamati. Yahukumiwa ikiwa imevaliwa, imekatwa, imekaliwa, imetundikwa dirishani, imefuliwa na kukunjwa. Nguo za kale za pwani ziliijua habari hii, ndiyo sababu zina sheria katika kuchorwa kwake. Nguo zetu mpya za sikukuu nyingi zimeisahau sheria hiyo, na wanaopata hasara ni wanunuzi, ambao kwa kawaida si watu wenye fedha.

1. Majina na asili yake

Kwanza tutazame majina, maana Waswahili hawakuyatoa ovyo. Katika karne ya 19 watu wa pwani walijua hasa nguo mbili za bei ndogo. Ya kwanza ni marekani, yaani bafta isiyotiwa rangi, iliyoitwa hivyo kwa kuwa ililetwa na merikebu za Marekani. Ya pili ni kaniki, nguo nyeusi au ya buluu iliyokoza sana. Zote mbili hazina nakshi, na hizo ndizo walizovaa watumwa na maskini.

Baadaye, katika nusu ya pili ya karne hiyo, wanawake wa Unguja na Mombasa walianza kununua vitambaa vya mkononi vyenye maua, vilivyoitwa leso, neno litokalo katika Kireno. Leso hizo ziliuzwa katika gora, zikifuatana bila kukatwa. Wanawake walikata leso sita, wakazigawa tatu tatu, wakaziunga kwa mshono, wakapata nguo moja pana ya kujitanda. Wafanya biashara walipoona jambo hilo, wakaagiza nguo nzima iliyochapwa tayari kwa mfano huo. Hata leo watu wa Mombasa husema leso, na watu wa Unguja na Mrima husema kanga. Jina hili la pili husemwa kuwa latoka kwa ndege kanga, kwa ajili ya madoadoa meupe yaliyokuwa katika nguo za kwanza.

Hapo pana fundisho la kwanza. Nakshi ya kanga ilianza kwa mkasi na sindano ya mvaaji, na kiwanda kikafuata nyuma. Viwanda vya Ulaya, kama kile cha van Vlissingen kilichoanzishwa mwaka 1846 katika mji wa Helmond, Uholanzi, vilichapa kanga nyingi kwa ajili ya soko letu. Lakini maagizo yalitoka kwa wafanya biashara wa huku, nao waliwasikiliza wanawake. Katika Mombasa nyumba ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887, yajulikana hata sasa kwa alama yake, “Mali ya Abdulla”. Mfanya biashara wa kanga asiyesikiliza wanawake alibaki na shehena yake dukani, maana mtindo ulibadilika upesi.

Fundisho la pili ni zito zaidi. Mwaka 1897 hali ya utumwa ilifutwa kwa sheria katika Unguja. Wanawake waliokuwa watumwa waliiacha marekani na kaniki, wakavaa kanga za rangi na maua. Nguo isiyo na nakshi ilikuwa imetangaza unyonge wao, na nguo yenye nakshi ilitangaza kwamba sasa ni watu wenye kuchagua. Basi asitokee mtu kusema kwamba nakshi ni pambo tu, jambo la wanawake lisilostahili kuandikwa na mwalimu. Palikuwa na watu walioikomboa heshima yao kwa nakshi.

2. Sheria ya kanga

Kanga ina sehemu tatu, na kila sehemu ina jina lake. Pindo ni ule ukingo uzungukao pande zote nne. Neno latoka katika kupinda. Mji ni katikati. Neno hili ni lile lile la mji ukaliwao na watu, na lile lile lisemwalo katika “mji wa mimba”, yaani mahali mtoto anapokaa. Hivyo mji wa nguo ni mahali pa ndani panapozungukwa na kulindwa. Jina ni yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini. Huitwa jina kwa kuwa mnunuzi huiulizia kanga kwa maneno yake, kama mtu anavyoitwa kwa jina lake. Hapo kwanza majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi.

Tena kanga huuzwa mbili mbili, ndiyo doti. Moja hufungwa kiunoni au kifuani, ya pili hutandwa kichwani na mabegani. Kila moja ina urefu wa karibu sentimita 150 na kimo cha karibu sentimita 110.

Sasa tuifikiri sheria hiyo juu ya mwili. Mwanamke ajifungapo kanga kiunoni, pindo la chini huzunguka miguu yake kama ukingo wa mtungi, na pindo la ubavuni huonyesha mahali nguo inapofungwa. Mji, ambao ndio wenye maua makubwa, huzunguka viungo vikubwa vya mwili, pasipo na mikunjo mingi. Na jina liko wapi? Liko chini, karibu na ukingo, kwa hiyo hushuka chini ya magoti. Mwenye kanga akiketi kitini, jina huning’inia nyuma ya miguu yake, halikaliwi. Akitembea, amfuataye nyuma alisoma likiwa wima. Sidhani kwamba jambo hili lilitokea kwa bahati. Lilipangwa na watu walioiona nguo ikienda njiani.

Tutazame vilevile kisutu, ile kanga ya arusi yenye rangi tatu tu, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Haina ua kubwa hata moja la kushangaza. Alama zake ni ndogo, zimepangwa safu kwa safu, nazo ukizitazama kutoka mbali huwa kama uso mmoja wa rangi. Ukikata kisutu vipande, kila kipande ni kisutu. Ukiikunja, ni kisutu. Imechakaa? Bado ni kisutu. Nakshi iliyo imara ndiyo hii: haihitaji kuonekana yote ili ieleweke.

3. Kitenge cha sikukuu

Kitenge kina desturi nyingine. Nakshi za vitenge zimetokana na nguo za Java zilizotiwa rangi kwa nta, ambazo Waholanzi waliziiga kwa mitambo na kuziuza Afrika. Kanga huvaliwa nzima. Kitenge mara nyingi hukatwa na kushonwa. Kwa hiyo mchoraji wa kitenge hana pindo la kumlinda. Lazima achore akijua kwamba mkasi utapita mahali asipopajua.

Namna ya kuchapa ni hii. Nguo hupita chini ya silinda zenye matundu madogo ambayo rangi hupenyeza. Mara nyingi mzunguko wa silinda ni sentimita 64. Basi nakshi hurudi kila sentimita 64, au kila 32, au kila 16. Mwisho wa mchoro hauna budi kuungana na mwanzo wake pasipo kuonekana alama ya kiungo. Kila rangi ina silinda yake. Rangi nne ni silinda nne, na kila moja ina gharama. Siku hizi ziko pia mashine zichapazo kwa kompyuta pasipo silinda, lakini sheria ya kurudiarudia haibadiliki, maana kamati huagiza mchoro mmoja na nguo ni yadi nyingi.

Nitoe mfano wa kitenge kimoja cha jubilei nilichokiona katika wilaya zetu. Kanisa sitalitaja, maana nataka kuipima nguo, sina neno na watu. Uwanda wake ni wa buluu ya mbingu. Juu yake pana maduara meupe, na ndani ya kila duara pana uso wa mzee mmoja mheshimiwa na nyuma yake mnara wa kanisa. Kati ya maduara pameandikwa jina la jubilei na miaka yake kwa mstari ulionyoka. Mahali palipobaki pana misalaba midogo ya rangi ya dhahabu.

Yaliyo mema tuyaseme kwanza. Rangi ya uwanda ilichaguliwa kwa busara. Yapendeza watu wa rika zote, wala haichuji upesi machoni. Misalaba midogo imetawanywa kwa mshazari, na mshazari huficha kiungo cha nakshi. Kama mchoraji angeishia hapo, kwa uwanda na misalaba, na maneno machache, kazi yake ingeshinda nyingi nilizoziona.

Lakini maduara yaliiharibu. Duara lilirudi kila sentimita 32. Katika yadi nne, ambazo ni karibu sentimita 366, lilirudi mara 11. Na kwa kuwa yalikuwako maduara matatu katika upana, mama mmoja alibeba nyuso 33. Mshono wa bega ulikata paji la uso. Mkono wa gauni ulichukua jicho moja na nusu ya mnara. Fundi mmoja, kwa kutaka kuokoa nguo ya mnunuzi, aliigeuza sehemu ya nyuma, hata mzee yule akasimama kichwa chini miguu juu katika mgongo wa kila aliyeshonewa naye. Na ibada ilipoanza, wote waliketi. Nao waliketi juu ya nini, kila mmoja wetu aweza kufikiri mwenyewe.

Mafundi wengine walijitahidi kulinganisha nyuso pande zote mbili za mshono. Kufanya hivyo kwataka nguo zaidi, maana kila kipande husogezwa mpaka duara likutane na duara. Mama aliyeuza dagaa ili anunue yadi nne aliambiwa aongeze. Hiyo ndiyo hasara niliyoitaja mwanzoni. Nakshi mbaya hulipwa na mwenye kununua, hailipwi na aliyechora wala na aliyechagua.

4. Je, nyuso zisichapwe kabisa?

Yuko atakayejibu: “Watu wanazipenda nyuso. Kuchapa uso ni kumheshimu mtu.” Jibu hili lina nguvu, wala siwezi kulipuuza nikiwa mtu wa Mara. Mwalimu Julius Nyerere alipofariki tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama, zilitoka kanga zenye uso wake. Watu walizinunua kwa machozi. Nani atathubutu kuwaambia kwamba walikosa?

Lakini tuzitazame kwa makini kanga za namna hiyo. Uso huwekwa katikati ya mji, mara moja tu, na pindo limeuzunguka kama ukingo wa picha. Kanga haikatwi, kwa hiyo uso haupasuliwi. Mwenye nayo akitaka kuivaa, huweza kuitanda mabegani, uso ukakaa mgongoni ukiwa mzima. Asipotaka, huitundika ukutani au huikunja na kuiweka sandukuni pamoja na vitu vya thamani. Kwa neno jingine, kanga yaweza kustahimili uso mmoja kwa kuwa ina mji na pindo. Kitenge hakiwezi, maana hakina mji. Mtu aliyehamisha uso kutoka kanga kwenda kitenge ameuchukua mgeni kutoka chumbani akamlaza njiani.

Tena nguo ya Kiswahili ina njia yake ya kukumbuka, ya kale kuliko picha, nayo ni jina. Maneno matano au sita, yenye mizani, huweza kumkumbusha mtu kuliko uso wake. Kamati ikitaka kumheshimu mwanzilishi wa parokia, na iulize: “Ni neno gani alilozoea kutuambia?” Neno hilo likiwekwa mahali pa jina, litasomwa na kila afuataye nyuma, litakuwa msemo wa nyumbani, na baada ya miaka 20 watoto watauliza lilitoka kwa nani. Nguo ya namna hii haikaliwi usoni, tena hudumu kuliko sura.

Hapa natoa onyo kwa wenzangu. Jina la kanga si mahubiri. Nimeona kanga zilizojazwa aya nzima ya maandiko, kwa herufi ndogo, mistari mitatu, hata pindo la chini limemezwa. Hakuna awezaye kuisoma aya hiyo mtu akiwa anatembea. Jina jema husomwa mara moja. Tena mara nyingi huwa na fumbo kidogo, kama methali “Akiba haiozi”, ili msomaji aongeze maana yake mwenyewe. Mwenye kueleza yote hamwachii msomaji kazi.

5. Nakshi nyumbani

Yaliyosemwa juu ya mwili yafaa pia juu ya nyumba, maana kila kitu cha nyumbani kina namna yake ya kuonekana. Wengi hununua nguo ile ile kwa pazia, kitambaa cha meza na foronya, kisha hushangaa kwamba yapendeza mahali pamoja na kuchukiza mahali pengine.

Pazia hukunjika. Upana wa nguo yake huzidi upana wa dirisha, labda mara mbili, ili liwe na mikunjo. Maana yake nusu ya nakshi imefichwa daima. Maua makubwa hupasuka vipande, lakini nakshi ishukayo kwa kwenda chini, au ndogo iliyotapakaa, hukaa salama. Kitambaa cha meza ni kinyume: hulala wazi, na watu hukizunguka pande nne. Nakshi yenye upande mmoja wa juu hupendeza mtu mmoja na kuwageukia wenzake kichwa chini. Ndiyo sababu kanga ikitandikwa mezani hufaa sana. Pindo lake halina juu wala chini. Kiti nacho huliwa na matumizi, hasa mahali pa kukalia na penye kuegemezwa mikono. Nakshi ndogo zilizosongamana huficha doa na uchakavu. Uwanda mtupu huonyesha kila kitu.

Sasa niseme juu ya vile vitambaa vya kutariziwa na vya kufumwa kwa sindano, vinavyowekwa juu ya viti, meza, na siku hizi juu ya runinga. Ustadi huu wasichana wetu wengi waliupata katika shule za misheni, nao ni wa kusifiwa. Wajane wangapi wamelisha watoto kwa sindano! Lakini nakshi zake kwa sehemu kubwa zimebaki zile zile za vielelezo vya Ulaya: waridi, zabibu, vikapu vya maua vilivyofungwa utepe. Msichana aliyezaliwa kandokando ya ziwa hutarizi ndege wa maji wa nchi asiyoijua, na hali ndege wa maji wako mlangoni pake.

Sisemi kwamba waridi ni kosa. Nasema kwamba tulifundisha mkono, tukaliacha jicho. Kuna mishono ile inayokatana kama msalaba, ihesabiwayo kwa nyuzi: moja juu, mbili kando, na kadhalika. Hesabu hiyo si ngeni kwetu. Msukaji wa mkeka huhesabu vivyo hivyo; huruka miyaa miwili, hupita chini ya miwili, hubadili rangi, na nakshi hutokea yenyewe katika hesabu. Mwalimu wa kazi za mikono angeweza kuleta mkeka darasani, akawaambia wanafunzi wauhesabu na kuuandika katika karatasi ya miraba, kisha wautarizi. Wangeona kwamba bibi zao walikuwa wakifanya hesabu hizo kabla ya vielelezo kuja.

6. Pamba yetu na nakshi ya nani?

Bunda ni nchi ya pamba. Musoma palijengwa kiwanda cha nguo, Mutex, katika zama za viwanda vya umma, zama zile zile za Urafiki cha Dar es Salaam kilichofunguliwa mwaka 1968 na Mwatex cha Mwanza. Hivyo mkoa wetu umeijua nguo tangu mbegu hata kitambaa. Lakini nakshi, ambayo ndiyo sehemu isiyohitaji mvua wala mtambo, tumezoea kuiagiza. Pamba hutoka kwetu ikiwa nyeupe, na nguo huturudia imekwisha kusema maneno ya wengine.

Basi nakshi ya Mara ni ipi? Wengine hujibu upesi: nyumbu, ngoma, mwanamke mwenye mtungi. Nakshi hizo zachapwa sana, nazo hununuliwa na wageni wapitao kwenda Serengeti. Sizilaumu, lakini hizo ni picha. Bado hazijawa nakshi. Kitu huwa nakshi kinapopata mpango wa kurudi. Tutazame wavu wa mvuvi wa Musoma: jicho kwa jicho, bila mwanzo wala mwisho. Tutazame dagaa walioanikwa juani, maelfu, kila mmoja mstari mfupi wa fedha. Tutazame mawe makubwa ya mviringo yaliyopandana kandokando ya ziwa na katika vilima vya Butiama. Tutazame tumba la pamba likipasuka, na vyumba vyake vinne au vitano vyenye pamba ndani. Hivi vyote hurudiarudia kwa asili yake. Vyaweza kukatwa na mkasi mahali popote, visipoteze heshima yake. Na ndege kanga mwenyewe, aliyewapa watu wa pwani jina la nguo yao, yuko katika nyika yetu pamoja na madoadoa yake.

Hapa pana jambo la desturi lisilofaa kusahauliwa. Koo za Wakuria zina wanyama wao wa heshima. Mchoraji asiyejua aweza kuchapa mnyama wa ukoo mmoja katika nguo ya watu wote, akadhani amepamba, kumbe amegawanya. Kabla ya kuchapa alama yoyote ya kale, kamati iende kwa wazee iwaulize: “Alama hii ni ya nani, nayo huwekwa wapi?” Vivyo hivyo nashauri majina ya kanga yatafutwe pia katika Kijita, Kizanaki, Kikuria, Kiikizu na lugha nyingine za mkoa huu. Jina huhifadhi methali vizuri kuliko daftari, maana hufuliwa na kuanikwa mbele ya watu kila juma.

Tena mtu asinifahamu kwamba nakataa mambo ya kigeni. Leso ilikuwa ya kigeni. Kitenge ni cha kigeni mara mbili, kwa kuwa kimetoka Java kwa mikono ya Waholanzi. Tunao mfano wa karibu wa namna ya kupokea kitu cha kigeni. Mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere, alizifasiri tamthilia mbili za Shakespeare. Ya Julius Caesar ilitoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Hakuyanakili maneno moja moja. Aliipima kazi ya mgeni kwa urefu wa sentensi ya Kiswahili, akaikata na kuishona upya hata ikakaa vizuri mdomoni mwa msemaji. Kichwa chenyewe ni ushahidi: mfanya biashara wa Venisi akawa mabepari, na msomaji wa Tanzania akaelewa mara moja habari ni ya nani. Kazi ya mchora nakshi ni ile ile. Waridi la Ulaya laruhusiwa kuingia, lakini lipimwe kwanza kwa mwili wetu na nyumba zetu.

7. Mambo ya kuuliza kabla ya kuagiza

Namalizia kwa maswali manne, ambayo kila kamati yaweza kuyauliza kabla ya kutia sahihi.

La kwanza: Nguo hii itavaliwa nzima, au itakatwa? Ikiwa itavaliwa nzima, tuagize kanga, yenye pindo, mji na jina. Ikiwa itakatwa, tusiweke kitu chochote ambacho tutaona haya kikikatwa.

La pili: Nakshi hurudi kila sentimita ngapi, nayo ina upande wa juu? Iliyo ndogo, isiyo na juu wala chini, humwokolea fundi nguo na mnunuzi fedha.

La tatu: Maneno yatakaa wapi mtu akiwa amesimama, na wapi akiwa ameketi? Swali hili halijibiwi kwa mdomo. Kipande cha mfano na kiletwe, mama mmoja wa kamati ajifunge, asimame, aketi, ageuke, na wengine watazame.

La nne: Sikukuu ikiisha, nguo hii itatumikaje? Ikiwa haifai kuwa mbeleko, wala pazia, wala kitambaa cha meza, itakaa sandukuni bure, na fedha ya watu imepotea kwa siku moja.

Kamati nyingi zina wanaume saba na mwanamke mmoja, naye huulizwa mwisho kama rangi inampendeza. Historia ya leso yatuonyesha kwamba mpango huo umepinduka. Wale waliounga leso sita kwa mshono hawakungoja kuulizwa; walijua nguo hukaa wapi mwilini, na viwanda vya Ulaya vikawafuata. Katika Mara yetu wako wanawake wenye ujuzi ule ule. Wakiitwa kwanza, kabla ya mchoraji, nguo ya jubilei ijayo itavaliwa hata jubilei ya pili.